Bendera Arobaini na Nane

Pale Vesterbjerg, kijiji cha kusini mwa Denmark, hakuna aliyewahi kumwambia Gunver Thaysen kwamba ndiye aliyemuua Nis Iversen. Watu wa Jutland ya Kusini hawana ujeuri huo. Walichofanya ni kuacha kumpigia simu tu, na akufukuzaye hakwambii toka.

Kwa miaka ishirini na miwili Gunver ndiye aliyekuwa akipamba meza za ukumbi wa kijiji. Kipaimara, harusi ya fedha ya miaka ishirini na mitano, mtu kutimiza miaka sitini, zote zilipita mikononi mwake. Na alikuwa na sheria zake. Kitambaa kinapigwa pasi pale pale mezani kikishatandikwa, na atakayeacha mkunjo akatandike kitanda, meza imemshinda. Ua lisizidi kimo cha ngumi, maana watu wamekuja kuonana nyuso, hawakuja kuchunguliana vichakani. Glasi alizipanga kwa kuvuta uzi kutoka ncha moja ya meza hadi nyingine, na ukiinama ukatazama kwa jicho moja, glasi arobaini uliziona kama moja. Wanawake wa vijiji vya jirani walikuja kuchungulia dirishani kabla ya karamu, wakarudi kwao kimya.

Kisha ikaja harusi ya almasi ya Nis na Abelone, miaka sitini ya ndoa. Gunver alipamba meza kuliko siku zote, na mbele ya sahani za wazee hao wawili akasimamisha bendera ya mezani ya nyumba yao: mlingoti wa shaba usiozidi dhiraa moja kwa urefu, uzi mwembamba, na kitambaa chekundu chenye msalaba mweupe. Ni nyumba gani ya Denmark isiyo na bendera kama hiyo kabatini? Mtu akizaliwa, akioa, akifaulu mtihani, inatolewa na kupandishwa hadi juu kabisa. Nusu mlingoti ni ya msiba, hata mtoto wa chekechea anajua.

Katikati ya supu wageni wakaanza kupiga miguu sakafuni. Miguu ikipigwa hivyo, maharusi hawana budi kuingia chini ya meza wakabusiane. Nis alikuwa na miaka themanini na minane na magoti yake yalishagoma zamani, kwa hiyo yeye na mkewe walijifunika kwa leso ya mezani wakabusiana hapo hapo, ukumbi ukacheka hadi machozi. Leso iliposhushwa, bendera ilikuwa imeteremka hadi katikati ya mlingoti. Dorthea, binti yao, ndiye aliyeiona kwanza, akapiga ukelele. Nis mwenyewe alicheka, akaipandisha tena kwa vidole viwili, akaomba aongezewe supu. Siku ya nane moyo wake ukasimama akiwa kitini, gazeti mapajani.

Dorthea alilia sana, na katika kulia kwake akasema, "Gunver hakuifunga ile bendera." Basi. Sentensi moja. Kijiji chenye nyumba hamsini na tatu hakihitaji ya pili.

Tangu hapo meza za ukumbi zikawa za Dorthea mwenyewe, kwa mapambo ya kuagiza: vitambaa vya karatasi, vikokoto vya kung'aa, na vijiti virefu vikavu vilivyowachoma wageni puani kila walipoinamia viazi. Gunver alikuwa akipita nje kwa baiskeli, anaona kupitia dirishani mishumaa imekaa upogo, na inamuuma kama jino. Sitamfichia: alikuwa na uchungu na alikuwa na kiburi, na vyote viwili alivila peke yake kwa miaka minne.

Asubuhi moja ya mwezi wa nne kengele ya mlango wake ikalia. Alikuwa Abelone, ameshikilia kigari chake cha kutembelea, na ndani ya kikapu cha kigari kuna kitu kimeviringishwa kwa taulo la vyombo.

"Natimiza tisini tarehe kumi na saba mwezi ujao," alisema kabla hajavuka kizingiti. "Watu arobaini na wanane, mimi nikiwemo. Meza utaipamba wewe."

"Abelone, Dorthea hatakubali."

"Dorthea nimemzaa mimi, yeye hajanizaa. Una kahawa, au umesimama hapo mlangoni kama pambo?"

Alipokwisha kukaa akafungua lile taulo. Ilikuwa bendera ya Nis. "Na hii isimame mbele yangu," alisema. "Hii hii."

Gunver akamimina kahawa, nusu ikaenda kwenye kisahani. "Hata sijui kama niliifunga sawasawa siku ile," alisema, na neno hilo hakuwahi kumwambia mtu yeyote. "Nafikiri niliifunga. Kila nikifumba macho najiona naifunga. Lakini kuapa siwezi."

Abelone akachovya biskuti kwenye kahawa. "Mimi nilikuwa nyuma ya leso nambusu mume wangu. Mambo ya nyuzi usiniulize."

Habari zikaenea kabla kikombe hakijapoa. Kesho yake Dorthea akaja, akakataa hata kuketi. "Mama ameamua, na siku ni yake," alisema. "Pamba. Lakini nakwambia kabisa, Gunver, bendera ile ikisimama mezani sitaiondolea macho tangu supu hadi kahawa. Na si mimi peke yangu."

"Najua si wewe peke yako."

"Sikuja kugombana."

"Hapana. Umekuja kunitakia kheri," Gunver alimjibu, akamfungulia mlango atoke.

Lakini maneno yale yalibaki sebuleni baada ya mwenyewe kuondoka, maana yalikuwa ya kweli. Watu arobaini na wanane na bendera moja! Nani angeonja supu? Wangekaa wote wanaikodolea kama paka kwenye tundu la panya, na uzi ukisogea hata unywele, Gunver Thaysen angehama kijiji. Akafikiria kuigundisha kwa gundi. Akaitafuta gundi, akaipata, akafungua kizibo, kisha akakifunga tena. Bendera iliyogundishwa ni picha tu, na yeye hakuwa mpambaji wa udanganyifu.

Ilikuwa wakati anausugua mlingoti wa Nis kwa kitambaa, shaba ikianza kuwaka, ndipo akili ilipomjia. Kama hawa watu wanataka bendera ya kulinda, si kila mmoja apewe ya kwake?

Hapo ndipo palipokuwa na kazi sasa, kwa sababu bendera za mezani hazipo dukani kwa wingi huo, na za dukani hata hazina maana. Zilizokuwa na maana zilikuwa kwenye makabati ya watu waliomsusa. Gunver akafunga sanduku la viazi nyuma ya baiskeli, akavaa koti lake zuri, akaanza kubisha hodi. Kama unadhani ni jambo jepesi, jaribu wewe kwenda kuomba kitu kwa mtu anayevuka barabara akikuona.

Alianza kwa Jes Tychsen, mwenyekiti wa ukumbi, mfugaji mstaafu mwenye mikono kama makoleo. Pazia lilisogea, ndipo mlango ukafunguka.

"Nimekuja kuazima bendera yako ya mezani."

"Yangu? Ya nini?"

"Siku ya Abelone kila mgeni atakuwa na ya kwao mbele ya sahani yake. Mtazipandisha wenyewe tukiimba."

Jes akajikuna shingo. "Na yangu ikiteremka je?"

"Itakuwa umeifunga wewe, Jes."

Mabega ya Jes yakaanza kutikisika. Gunver alidhani ni kikohozi, kumbe mzee anacheka. "Mungu atuokoe na wanawake wenye akili," alisema, akaenda kabatini. Alirudi na bendera mbili, ya kwake na ya kwao marehemu mkewe.

Ndivyo ilivyokwenda wiki mbili nzima, mlango kwa mlango. Watu wa huku hawajui kuomba msamaha kwa mdomo. Wanaomba kwa keki. Kila alikopita Gunver aliwekewa kipande kikubwa kuliko cha jana yake, chenye krimu kuliko cha jana yake, na mwenye nyumba amekaa mbele yake anatazama kucha. Alikula vyote. Kwa Kjestine, aliyekuwa shoga yake wa miaka yote kabla ya mambo haya, alipewa bendera yenye mlingoti wa mfupa aliouchonga babu baharia.

"Nilikuwa nataka kukupigia simu," Kjestine alisema, macho mekundu.

"Namba haijabadilika."

Kjestine akaangua kilio. Gunver akamwacha alie kidogo, maana alistahili, kisha akamkatia keki naye ale.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Dorthea. Jibu lilikuwa neno moja, "Kamwe," na mlango ukafungwa. Kesho yake alfajiri Laust, mumewe Dorthea, mtu mpole asiyemaliza maneno kumi kwa siku, alionekana bustanini kwa Gunver akiwa amevimba ubavu mmoja. Akafungua koti, akatoa bendera yao, akaiweka juu ya ukuta.

"Mimi sijafika hapa," alisema, akaondoka.

Ijumaa Gunver akaingia ukumbini. Akapanga meza ndefu tatu, zile za miguu ya kukunja, akatandika vitambaa vyeupe vyenye maua ya kufumwa ambavyo vilikuwa havijatoka sandukuni kwa miaka minne, akapiga pasi hadi kwapa likalowa. Akavuta uzi wake. Katikati akalaza matawi ya msituni yaliyochipua majani wiki ile ile, mabichi na laini, na kati ya majani akachomeka maua madogo ya samawati aliyochuma ukingo wa kijito. Leso akazikunja kwa umbo la kofia ya askofu, kwa sababu Abelone alipenda kuwacheka makasisi. Mwisho kabisa akasimamisha milingoti, kila mmoja mbele ya kadi yenye jina la mwenyewe: ya shaba, ya mti, ya mfupa, mmoja umetengenezwa kwa bomba la baiskeli. Bendera zote zilikuwa chini, zinasubiri mikono.

Jumamosi adhuhuri milango ikafunguliwa. Watu waliingia wakiongea kama kawaida ya watu, halafu wakanyamaza, safu kwa safu. Kila mtu alikuwa anatafuta jina lake na kukuta kabati la nyumbani kwake limekuja karamuni. "Hii ya mama," alisikika mmoja. Mwingine alikuwa ameshaikamata ya kwake kifuani. Dorthea alifika kwenye nafasi yake, akaiona bendera aliyoikatalia mlangoni, akageuka kumtazama mumewe. Laust alikuwa anachunguza dari.

Wakaimba wimbo wa siku ya kuzaliwa, na katika ubeti wa mwisho mikono arobaini na minane ikavuta nyuzi. Vitambaa vyekundu vikapanda pamoja kutoka kwenye ule ubichi wa majani. Gunver alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na aproni yake, na ninaapa hakupumua hadi ya Abelone ilipofika juu. Kila mtu akafunga fundo lake, tena kwa makini, ulimi nje, kama mtoto anayejifunza kufunga kamba za viatu.

Supu ikaletwa, ile safi yenye vibonge vya nyama. Mwanzoni kila mmoja alikula jicho moja likiwa kwenye bendera yake, na hapakuwa na jicho lililobaki la kumtazama Gunver. Glasi ya pili ya divai ilipokwisha, walishasahau kabisa. Kelele za furaha zikajaa ukumbini.

Hapo Jes Tychsen akasimama na kugonga glasi kwa kijiko. "Nina swali," alisema. "Dorthea na Laust mwezi ujao wanatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Mimi ni jirani yao, na sijawahi kuwaona wakibusiana. Kuna aliyewahi?"

"Hakuna!" ukumbi ukaitika, na miguu ikaanza.

Dorthea akawa mwekundu kama bendera. "Jes, acha ujinga, leo ni siku ya mama!"

"Mama anapiga miguu pia," alisema Abelone, na kweli alikuwa anapiga.

Laust alishaingia chini ya meza. Kwa hiyo Dorthea akavuta pumzi, akashika sketi, akamfuata, na watu arobaini na sita wakapiga sakafu kwa visigino vyao vyote. Mbao zilinguruma. Meza zikatetemeka kwenye miguu yake ya kukunja, vijiko vikacheza, glasi zikaimba.

Gunver peke yake ndiye aliyekuwa amesimama, na ndiye aliyeona. Uzi wa Jes ulilegea kwa kishindo cha kwanza. Cha pili ukateleza pindo moja. Cha tatu bendera ikashuka kidogo, kisha kidogo tena, na ya jirani yake ikafuata, na ya mfupa ikafuata, na upande wa pili wa meza, na meza ya tatu, nyekundu zinashuka moja baada ya nyingine na waliokuwa wakizishusha wanacheka, wanapiga, hawana habari. Ya Abelone ilisimama nusu mlingoti. Gunver akashika fremu ya mlango. Kwanza ilikuwa hofu. Halafu akaelewa, na ile hofu ya miaka minne ikamtoka yote kwa pumzi moja. Alikuwa ameifunga! Siku ile aliifunga sawasawa, fundo zima, na ukumbi mzima ndio ulioifungua kwa miguu.

Dorthea akatoka chini ya meza, nywele zimetimka, anacheka. Kicheko kikamkatikia mdomoni. Miguu ikanyamaza. Watu wakatazama mbele yao, kisha mbele ya wenzao. Nyani haoni kundule, lakini siku hiyo kila nyani aliwekewa kioo.

Abelone ndiye aliyeokoa jahazi.

"Jes," alisema, sauti kavu, "yako imefika kwenye supu. Wewe hata siku nane huna." Akahesabu kwa kidole, meza hadi meza. "Ishirini na sita. Kasisi, kitabu chako cha mazishi kina nafasi wiki ijayo, au tuje kwa zamu?"

Kasisi alikuwa ndiye wa kwanza kuangua kicheko, maana na yake ilikuwa chini. Kikapasuka kicheko ambacho kuta za ukumbi ule hazijawahi kukisikia. Watu walilaliana mabegani. Dorthea tu ndiye hakucheka. Alikuwa ameshika mlingoti wa kwao, anautazama uzi uliolegea.

"Siku ile ni mimi niliyeanza," alisema.

Hawakumsikia, akarudia kwa nguvu. "Kwenye almasi ya baba. Ni mimi niliyeanza kupiga miguu. Nilikuwa na viatu vyangu vipya vya kisigino." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Gunver aliifunga. Tuliiangusha sisi, kisha tukamtwisha yeye. Mimi ndiye niliyemtwisha."

"Na baba yako alivipenda vile vishindo kuliko supu yenyewe," alisema Abelone, safari hii taratibu. "Moyo wake ulikuwa umechoka, mwanangu. Ulifanya kazi miaka themanini na minane bila likizo. Haukuuawa na bendera, wala na kisigino chako. Kaa chini, unamtia Laust wasiwasi."

Dorthea hakukaa. Alikwenda moja kwa moja hadi mlango wa jikoni, akamshika Gunver mkono, akamvuta hadi katikati ya ukumbi na aproni yake yenye matone ya supu. Basi akafanya lile ambalo mtu wa huku hulifanya maneno yanapomshinda. Akachukua glasi mezani, akainyoosha juu.

"Aishi Gunver!"

Ukumbi ukasimama. Wakapiga hurra za shangwe, tatu fupi, na ya nne ile ndefu isiyokwisha, na huku wanapaza sauti wanapandisha bendera zao tena, Jes akikamua ya kwake supu kwanza. Gunver alilia mbele za watu bila kujificha, na alicheka, na alisimama wima katikati ya meza zake kama mtu aliyerudishiwa nyumba yake. Ilikuwa yake. Kila mkunjo uliokosekana kwenye vile vitambaa ulikuwa wake.

Wakati wa kahawa Dorthea akaja jikoni, pua bado nyekundu. "Tarehe kumi na nne mwezi ujao," alisema. "Harusi yetu ya fedha. Watu sitini. Utatupambia?"

Gunver akafuta mikono, akatoa mkobani kitabu chake cha tarehe. Tangu Januari kilikuwa na daktari wa meno tu. Nyuma ya Dorthea walikuwa wamekwisha kupanga foleni Jes, kasisi, na Kjestine mwenye mjukuu wa kipaimara. Gunver akalamba kidole, akafunua ukurasa mmoja polepole, akafunua wa pili, akakunja uso kama mtu mwenye shughuli nyingi.

"Nafasi ipo," alisema mwishowe. "Lakini yale mavijiti yako yabaki nyumbani."